Ndege za Comet zilizopasukia angani mwaka 1954: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uchovu wa metali

Tarehe 10 Januari 1954 ndege ya abiria aina ya de Havilland Comet ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 waliokuwamo walikufa. Hata miezi mitatu haikutimia, Comet nyingine ikaanguka baharini kusini mwa Naples na kuua watu 21. Kilichoziangusha zote mbili ni kitu ambacho hakuna rubani angeweza kukiona wala kukisikia: nyufa ndogo kwenye bati la mwili wa ndege, zilizokuwa zikikua kidogo kidogo kila safari, hali iitwayo uchovu wa metali. Maswali yaliyo hapa chini hujirudia kila ajali hizi zinapotajwa. Baadhi nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu jibu fupi limepotosha watu kwa miaka mingi, hasa lile la madirisha.

Comet ilikuwa ndege gani?

Ilikuwa ndege ya kwanza duniani ya abiria yenye injini za jeti. Iliundwa Hatfield, Uingereza, na ikaruka mara ya kwanza tarehe 27 Julai 1949 ikiendeshwa na John Cunningham, rubani wa majaribio wa kampuni ya de Havilland. Ndege za abiria za siku hizo zilikuwa za pangaboi: zilitikisika, zilipiga kelele, na zilipita katikati ya mawingu ya mvua kwa sababu hazikuweza kupanda juu yake. Comet ilikuwa na injini nne zilizofichwa ndani ya mizizi ya mabawa, yaani pale yanapoungana na mwili, ilibeba abiria 36, ikapaa hadi futi 35,000 na zaidi, na kwenda kilomita zaidi ya 700 kwa saa. Safari zilipungua karibu nusu ya muda wake. Waingereza walijivunia ndege hii, na walikuwa na haki ya kujivunia.

Ni kweli kwamba iliwahi kutua Entebbe?

Ndiyo, tena katika safari ya kwanza kabisa ya kibiashara ya ndege ya jeti duniani. Tarehe 2 Mei 1952 Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, iliondoka London kwenda Johannesburg, ikapitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ilifika chini ya saa 24. Watu wa Uganda waliokuwa uwanjani siku ile waliiona jeti ikifanya safari ya kibiashara ya abiria kabla ya watu wa New York.

Ndege hiyo ilisajiliwa kwa herufi G-ALYP. Marubani waliiita Yoke Peter, kufuatana na jinsi herufi Y na P zilivyotamkwa kwenye redio za wakati huo. Ndiyo hiyohiyo iliyoanguka Elba miezi ishirini baadaye.

Siku ya ajali ya Elba ilikuwaje?

Yoke Peter ilikuwa ikitoka Singapore kwenda London. Kituo chake cha mwisho kilikuwa uwanja wa Ciampino, Rome. Iliruka asubuhi, hali ya hewa ikiwa nzuri, ikiwa na abiria 29, wakiwemo watoto, na wafanyakazi 6. Dakika kama 20 baada ya kupaa ilikuwa karibu na futi 27,000 na bado inapanda. Rubani wake, Alan Gibson, alikuwa akizungumza kwa redio na rubani wa ndege nyingine ya BOAC iliyotangulia, akaanza kumuuliza kama amepata ujumbe wake. Sauti ikakatika katikati ya sentensi.

Wavuvi wa Elba walisikia mlipuko juu ya mawingu, kisha wakaona vipande vikianguka baharini. Walikwenda na mashua zao na kuopoa miili 15.

Abiria waliteseka?

Kwa ushahidi uliopo, hapana. Profesa Antonio Fornari wa Pisa aliichunguza miili ile akakuta mapafu yamepasuka na mafuvu yamevunjika, na akaona kwamba majeraha ya moto yalitokea baada ya kifo. Huko Farnborough, Uingereza, kwenye taasisi ya utafiti wa ndege, baadaye walijenga mfano mdogo wa chumba cha abiria, wakaweka vinyago kwenye viti, wakashindilia hewa kisha wakapasua ganda huku kamera ikipiga picha. Vinyago vilirushwa darini kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kujua kinachotokea. Majeraha aliyoyaona Fornari yalilingana na hilo.

Kwa nini ndege hizi ziliruhusiwa kuruka tena kabla ya chanzo kujulikana?

Hapa ndipo pagumu kuliko pote katika habari hii, na nadhani ndipo panapostahili kusemwa wazi.

Siku moja baada ya Elba, BOAC ilizisimamisha Comet zake kwa hiari. Kamati iliyoongozwa na Charles Abell wa shirika hilo ikaketi kuorodhesha kila kinachoweza kuangusha ndege namna ile. Moto ulionekana ndio unaoelekea zaidi. Uchovu wa metali nao ulitajwa, lakini macho yalielekezwa kwenye mabawa, kwa sababu mabawa ndiyo yaliyojulikana kuchoka. Marekebisho kama hamsini yalifanywa, mengi yakiwa ya kukinga injini na matangi ya mafuta. Wakati huo mabaki mengi ya Yoke Peter yalikuwa bado chini ya bahari.

Tarehe 23 Machi 1954 abiria wakapanda tena. Tarehe 8 Aprili, siku 16 baadaye, Comet G-ALYY iliyokodishwa na shirika la ndege la Afrika Kusini iliondoka Rome kwenda Cairo, katika njia ya London hadi Johannesburg. Ilikuwa ikikaribia kimo chake cha kusafiria ilipopotea. Watu 21 walikufa. Safari hii bahari ilikuwa na kina cha karibu mita 1,000, na kilichopatikana ni kidogo sana.

Waliotoa ruhusa hawakuwa watu wazembe. Walifanya marekebisho kwa kila walichoweza kukifikiria. Tatizo ni kwamba kutengeneza kila kinachoshukiwa si sawa na kukijua kilichoua, na tofauti hiyo ililipwa na watu 21 ambao hawakuulizwa. Cheti cha Comet cha kuruhusiwa kuruka kilifutwa tarehe 12 Aprili.

Uchovu wa metali ni nini hasa?

Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mahali palepale. Mara ya kwanza hakikatiki, wala ya tano. Endelea, nacho kitakatika ghafla, ingawa nguvu ya mkono wako haikuongezeka hata kidogo. Hicho ndicho kinachotokea, ila kwenye ndege mkunjo ni mdogo kiasi kwamba jicho halioni, na idadi yake ni maelfu.

Kila mkazo unapokuja na kuondoka, chembechembe za metali huteleza kidogo mahali penye udhaifu: kwenye pembe ya tundu, kwenye mkwaruzo, kando ya ribiti (msumari wa kuunganishia mabati). Ufa mdogo huzaliwa. Kwa muda mrefu hukua polepole mno. Ukifika urefu fulani, bati lililobaki haliwezi tena kubeba mzigo, na ufa hukimbia kwa sehemu ya sekunde. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya ufa ni kimya, na mwisho wake hautoi onyo.

Elimu hii haikuanza na ndege. Ekseli za treni zilikuwa zikikatika tangu miaka ya 1840, na Mjerumani August Wöhler alizifanyia majaribio ya miaka mingi yaliyoonyesha kwamba metali inaweza kuvunjwa na mzigo mdogo ukirudiwa vya kutosha. Aloi za aluminiamu zina ubaya wake wa ziada. Aina nyingi za chuma cha pua na chuma cha kawaida zina kiwango ambacho mkazo ukiwa chini yake huweza kurudiwa karibu bila mwisho. Aluminiamu haina kiwango hicho kwa namna iliyo wazi. Ukiipa marudio ya kutosha, itachoka.

Ndege ya abiria inachoshwa na nini, ikiwa hewani inateleza tu?

Huchoshwa na hewa yake yenyewe. Kwenye futi 40,000 mtu hawezi kupumua, hivyo hewa hushindiliwa ndani ya ndege. Ndani ya Comet abiria alikuwa kama aliye mlimani kwenye futi 8,000, wakati nje ni kimo mara tano ya hicho. Tofauti hiyo ilikuwa ikisukuma kila mita moja ya mraba ya ganda kwa uzito wa karibu tani 5.8, kubwa kuliko kwenye ndege nyingine za abiria za wakati huo. Ganda lenyewe lilikuwa jembamba mno, sehemu kubwa chini ya milimita moja, kwa sababu injini za jeti za mwanzo hazikuwa na nguvu ya kubeba uzito wa ziada.

Ndege ikipaa, mwili huvimba kidogo. Ikishuka, hurudi. Kupaa na kushuka mara moja ni mzunguko mmoja wa shinikizo. Ndiyo maana mafundi hawaridhiki kuulizia umri wa ndege kwa miaka. Huuliza imepaa na kutua mara ngapi.

Chanzo kiligunduliwaje?

Kwa njia mbili zilizokwenda pamoja, moja baharini na nyingine ndani ya maji ya tangi.

Baharini, Jeshi la Majini la Uingereza katika Mediterania, chini ya Lord Mountbatten, lilituma meli Barhill, Sea Salvor na Wakeful kutafuta mabaki kwenye kina cha mita 130 hadi 180 hivi. Walishusha kamera za televisheni chini ya maji, jambo lililokuwa bado jipya, pamoja na makucha ya kuokotea. Kipande baada ya kipande kilisafirishwa hadi Farnborough, kwenye taasisi ya utafiti wa ndege iliyoongozwa na Sir Arnold Hall. Huko vilifungwa juu ya kiunzi, kila kimoja mahali pake, hadi takriban thuluthi mbili za ndege zikarudi kuwa umbo. Waziri Mkuu Winston Churchill alikuwa amekwisha kusema kwamba gharama ya kutatua fumbo hili isihesabiwe kwa fedha wala kwa nguvu kazi.

Mabaki yalianza kusimulia. Kwenye bawa la kushoto palikuwa na mchirizi wa rangi, na rangi ile ilikuwa ya ubavu wa ndege. Kipande cha zulia la chumba cha abiria kilikuwa kimenasa kwenye mkia. Vitu vya ndani vilikuwa vimetoka nje na kugonga mabawa na mkia kabla sehemu hizo hazijaachana. Maana yake mwili ulipasuka kwanza, na moto ulikuja baadaye.

Njia ya pili ilikuwa ya ujasiri zaidi kifikra. Hall aliamua kuchukua Comet nzima, G-ALYU, iliyokuwa imekwisha kuruka mara 1,230 hivi, na kuizeesha kwa makusudi. Walijenga tangi kubwa kuuzunguka mwili wake, mabawa yakitokeza nje, wakajaza maji ndani ya tangi na ndani ya ndege. Maji yalisukumwa ndani hadi kufikia shinikizo la safari, kisha yakalegezwa, tena na tena, huku mitambo ya haidroli ikipandisha na kushusha mabawa kama yanavyofanya hewani. Safari ya saa kadhaa ilimalizwa kwa dakika chache, mchana na usiku.

Mbona maji, wakati ndege hutumia hewa? Hewa iliyoshindiliwa huhifadhi nishati kubwa. Ganda likipasuka hulipuka na kuharibu ushahidi wote. Maji hayashindiliki kirahisi, hivyo ufa ukifunguka shinikizo hushuka papo hapo na ufa unabaki ulivyo, tayari kutazamwa.

Tarehe 24 Juni 1954 ganda la G-ALYU lilipasuka. Likijumlishwa na safari zake halisi, lilikuwa limefikisha mizunguko kama 3,060. Ufa ulianzia kando ya pembe ya uwazi kwenye mwili, pembeni mwa tundu la ribiti. Watu waliotarajia ndege hii iruke kwa miaka mingi waliona imeisha ikiwa bado kijana.

Je, ni madirisha ya mraba yaliyoangusha Comet?

Si hivyo hasa, ingawa karibu kila anayesimulia habari hii husema hivyo.

Kwanza, madirisha ya abiria ya Comet hayakuwa mraba mtupu. Yalikuwa na pembe zilizoviringwa, ila hazikuviringwa vya kutosha. Pili, ufa ulioiangusha Yoke Peter, kwa mujibu wa uchunguzi wa Farnborough, haukuanzia kwenye dirisha la abiria. Ulianzia juu darini, kwenye pembe ya uwazi uliokatwa kwa ajili ya antena za kutafutia mwelekeo wa redio. Uwazi huo nao uliitwa dirisha, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa.

Kilicho kweli ni kwamba umbo la nafasi hizo lilichangia. Nguvu inayopita kwenye bati ikikuta tundu haina budi kulizunguka, na kwenye pembe kali husongamana. Farnborough walikadiria kwamba mkazo kwenye pembe hizo ulifikia takriban asilimia 70 ya nguvu ya kulikata bati lenyewe, katika kila safari ya kawaida. Wahandisi wa de Havilland walitarajia kiasi kidogo zaidi. Ongeza bati jembamba, matundu ya ribiti karibu na pembe na shinikizo kubwa, ndipo utaona kwamba dirisha peke yake halielezi jambo hili. Comet za baadaye zilipewa madirisha ya duara na bati nene zaidi, na hilo la bati ndilo watu husahau kulitaja.

Kampuni haikuijaribu ndege kabla ya kuiuza?

Iliijaribu sana, na hapo ndipo penye somo la kihandisi ambalo mimi huona ni zito kuliko yote.

De Havilland walichukua sehemu ya mwili na kuishindilia hadi mara mbili ya shinikizo la kawaida ili kuhakikisha haipasuki. Haikupasuka. Baadaye, mwaka 1953, sehemu hiyohiyo ilitumiwa kwa jaribio la uchovu na ikastahimili mizunguko takriban 18,000. Kwa hesabu hiyo Comet ilionekana kuwa na maisha marefu ya kutosha na ziada.

Lakini jaribio la kwanza lilikuwa limeibadilisha sehemu ile. Aluminiamu kwenye pembe ilipovutwa kupita kiasi ilijinyoosha kidogo bila kurudi, na mzigo ulipoondolewa bati lililoizunguka likaibana. Metali iliyobanwa hukawia kupata ufa. Sehemu ya majaribio iliimarishwa bila mtu kukusudia, wakati ndege zilizobeba watu hazikupata kamwe ule mvuto wa awali. Takwimu ya 18,000 ilikuwa sahihi kabisa, ila ilihusu kitu ambacho hakikuwa Comet ya abiria.

Kwa hiyo kusema kwamba kampuni ilifumba macho si haki. Hata hivyo walitegemea kipande kimoja kilichokwisha kutumika kuzisemea ndege zote, na hilo lingeweza kuhojiwa hata kwa elimu ya wakati ule.

Mbona moja ilidumu mizunguko 1,290, nyingine 903, na ya tangini zaidi ya 3,000?

Kwa sababu uchovu hauna tarehe. Ndege mbili zilizoundwa kwa michoro ileile hutofautiana kwa mkwaruzo mmoja, tundu moja lililotobolewa vibaya, chembe moja chafu ndani ya aloi. Yoke Peter ilikuwa imefikisha safari 1,290 zenye shinikizo, G-ALYY 903. Wahandisi wa leo hujua kwamba maisha ya sehemu yakionekana kwenye jaribio ni lazima yagawanywe kwa namba kubwa kabla ya kuahidiwa kwa abiria.

Kuna aliyeshtakiwa?

Hakuna. Baraza la uchunguzi chini ya Lord Cohen lilifunguliwa London tarehe 19 Oktoba 1954, na ripoti yake ikatolewa Februari 1955. Lilikubali uchovu wa metali kuwa chanzo cha ajali ya Elba, likaona kwamba inaelekea ndio uliosababisha na ile ya Naples, na halikumtwika mtu lawama. Matokeo yaliwekwa wazi, na washindani wa Marekani, Boeing na Douglas, waliyatumia kuunda ndege zao.

Ajali ya Comet ya Calcutta nayo ilitokana na uchovu?

Haikuamuliwa hivyo. Comet hiyo ya BOAC ilivunjika kwenye dhoruba karibu na Calcutta, India, tarehe 2 Mei 1953, mwaka mmoja kamili baada ya safari ya kwanza, ikaua watu 43. Uchunguzi ulielekeza kwenye nguvu za dhoruba.

Je, visanduku vyeusi vilisaidia?

Havikuwapo. Comet hazikuwa na chombo chochote cha kurekodi sauti wala mwenendo wa ndege, na ndiyo sababu ilibidi bahari ichokonolewe. Mwanasayansi mmoja wa Melbourne, David Warren, aliitwa kusaidia kufikiria chanzo cha ajali za Comet, na ni katika kazi hiyo alipopata wazo kwamba kila ndege ibebe kinasa sauti kinachoweza kuokoka. Aliandika pendekezo lake mwaka 1954. Tangu hapo ajali nyingi zimepata majibu kutokana na wazo hilo.

Comet iliishia wapi?

Ilirudi ikiwa Comet 4, ndefu zaidi na yenye ganda nene. Tarehe 4 Oktoba 1958 ilifungua safari za abiria za jeti kati ya London na New York. Wiki tatu baadaye Boeing 707 ikaanza njia za Atlantiki ikiwa kubwa na ya faida zaidi, na soko likaenda Marekani. Kwetu Afrika Mashariki, shirika la East African Airways, lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilipokea Comet 4 mwaka 1960 na kuzitumia katika safari za London.

Nini kilibadilika katika kuunda ndege?

Mabadiliko yalikuja kwa hatua, na kila hatua ilifuata vifo.

Baada ya Comet, wahandisi waliacha kutegemea kwamba ufa hautatokea. Waliunda ndege kwa namna kwamba sehemu moja ikikatika, jirani yake ibebe mzigo, na mwili ukawekewa mikanda ya kuuzuia ufa usikimbie. Ilionekana inatosha kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kisha ikaja Lusaka. Tarehe 14 Mei 1977 ndege ya mizigo aina ya Boeing 707 ya kampuni ya Dan-Air ilitoka London, ikapitia Athens na Nairobi, na ilipokuwa inakaribia kutua Lusaka bawa dogo la mkia upande wa kulia likang'oka. Watu wote 6 walikufa. Ufa wa uchovu ulikuwa umeikata boriti ya nyuma ya bawa hilo. Sehemu ya akiba ilikuwapo kama kanuni ilivyotaka, lakini haikuweza kubeba mzigo kwa muda wa kutosha hadi ufa ugunduliwe, na ukaguzi uliokuwa ukifanywa haukuwa wa kuugundua. Ndege nyingine za 707 zilipokaguliwa, zilikutwa na nyufa pia. Mwaka 1978 kanuni za Marekani zilibadilishwa: muundaji sasa hana budi kudhani kwamba ufa upo, kuhesabu unakua kwa kasi gani, na kupanga ukaguzi utakaoukuta kabla haujafika pabaya. Hiyo ndiyo kanuni inayomlinda abiria wa leo, na nasikitika kwamba ajali iliyoisukuma, ya ndege iliyotua Nairobi saa chache kabla ya kuanguka, inajulikana na watu wachache hivi hata huku kwetu.

Kuna ajali nyingine kubwa za namna hii?

Zipo, na tatu hutajwa sana.

Japani, 12 Agosti 1985: Boeing 747 ya Japan Airlines ilipoteza kizuizi cha hewa cha nyuma (ukuta unaozuia hewa ya ndani isitoke) na sehemu kubwa ya mkia, ikagonga mlima. Watu 520 walikufa, wanne wakaokoka. Ndege hiyo ilikuwa imeburuza mkia ardhini ilipotua Osaka mwaka 1978, na matengenezo yalifanywa vibaya: bati la kuunganishia lilikatwa vipande viwili, hivyo mstari mmoja tu wa ribiti ukabeba mzigo uliopaswa kubebwa na zaidi ya mmoja. Ilidumu safari zaidi ya 12,000 baada ya hapo.

Taiwan, 25 Mei 2002: Boeing 747 ya China Airlines ilivunjika angani, watu 225 wakafa. Hiyo nayo ilikuwa imeburuza mkia, Hong Kong mwaka 1980. Mikwaruzo ilifunikwa kwa bati badala ya kuondolewa, na nyufa zikakua chini ya kiraka kwa miaka 22.

Hawaii, 28 Aprili 1988: Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipoteza paa la sehemu ya mbele ikiwa futi 24,000. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Wengine wote waliokoka, kwani marubani waliweza kutua kwenye kisiwa cha Maui. Ilikuwa na mizunguko 89,680, kwa sababu safari za visiwani ni fupi na nyingi, na hewa ya chumvi ilikuwa imekula maungio ya mabati.

Niogope ndege kuukuu?

Umri peke yake si kipimo. Ndege ya miaka 25 iliyokuwa ikienda safari ndefu huweza kuwa na mizunguko michache kuliko ya miaka 12 iliyokuwa ikiruka mara nane kwa siku. Kinachopimwa ni mizunguko, mazingira na ukaguzi. Ndege zinazoshinda pwani, iwe Mombasa, Zanzibar au Honolulu, huhitaji jicho kali zaidi kwa sababu ya chumvi.

Ndege ndogo kama Cessna Caravan, ambazo wengi wetu huzipanda kwenda visiwani au mbugani, hazishindiliwi hewa kabisa. Ganda lake halivimbi wala kurudi. Uchovu wake hutafutwa kwenye mabawa, vishikizo vyake na miguu ya kutulia.

Ufa wenyewe hutafutwa kwa macho, kwa mkondo wa umeme unaopitishwa kwenye bati, kwa mawimbi ya sauti, na kwa rangi maalumu inayopenya kwenye mwanya usioonekana. Ni kazi ya subira, hufanywa usiku na watu wasiojulikana na abiria, na ripoti ya Aloha ilisisitiza jinsi ilivyo vigumu kumakinika mbele ya maelfu ya ribiti zinazofanana. Shirika linalowapa mafundi wake muda na mwanga wa kutosha linastahili nauli yako kuliko lenye viti vipya.

Nikiona kitu cha ajabu kwenye mwili wa ndege, nifanye nini?

Mambo mengi yanayoshtua ni ya kawaida: bawa kupinda juu na chini, utepe wa rangi ya fedha uliobandikwa kwenye bawa (ni utepe maalumu wa aluminiamu unaoruhusiwa kwa matengenezo madogo), rangi iliyobanduka, viraka vilivyopigwa ribiti.

Hata hivyo, mweleze mhudumu kabla mlango haujafungwa. Abiria mmoja wa ndege ile ya Aloha aliuona ufa karibu na mlango alipokuwa akipanda kwenye uwanja wa mji wa Hilo, Hawaii. Hakumwambia mtu yeyote.